Shofere, mwenye kupasha moto

Ndugu zangu, wale wa lisansi na wale wangali kwenye auditwari, juma hili niko na historia ya kitu munachokisikia kila asubuhi lakini hamukisomi popote: gari inayokataa kuwaka wakati wa baridi. Nianze na nyumbani.

Baba mdogo alikuwa na Hilux ya mazutu, ya zamani, isiyo na kompyuta. Alipakia viazi na vitunguu kutoka milima ya Lubero akavileta soko la Butembo. Biashara ile munaijua: anayefika kumi na mbili asubuhi anauza kwa bei yake, anayefika saa tatu anauza kwa bei ya mnunuzi. Na Butembo, hata kama iko karibu kabisa na ekweta, iko juu, karibu metre 1,800. Kila saa kumi ya alfajiri mtaa mzima ulisikia demareri yake ikizunguka, ikizunguka, moshi mweupe unatoka nyuma sawa wa kuni mbichi, na motere haishiki. Mwisho vijana wanaitwa kusukuma. Siku zingine ilishika kwenye mteremko, siku zingine ni jua ndilo liliiwasha. Saa nne, gari ileile, ufunguo mara moja tu: inawaka, kama haikufanya kosa lolote.

Mekanisie wa kwanza hakufungua hata kapo. «Papa, njo baridi ya ku mulima hii. Batri yako ilishachoka.» Baba mdogo akanunua batri. Ile mpya ilizungusha motere kwa nguvu zaidi, na gari ikaendelea kukataa. Mekanisie wa pili akasema vilevile, ila yeye alitaka batri kubwa kuliko ile. Pesa ya batri hiyo ya pili ilikuwa imewekwa kwa ajili ya minervali yangu. Mwaka ule sikufanya sesyo ya kwanza. Sasa munaelewa kwa nini mtu wa historia anaandika juu ya bujii.

Kinachonisumbua mpaka leo si pesa peke yake. Mafundi wawili wazima walisema neno moja, baridi, na neno lile likatosha kuwa sababu. Hakuna aliyeuliza: baridi inaondoa kitu gani hasa ndani ya motere? Watu wa mbele yetu waliuliza kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yao yamejificha mpaka ndani ya maneno tunayoyasema kila siku.

Chukueni neno shofere. Kwa Kifaransa, chauffeur ni mtu anayepasha moto. Mbele ya gari kuzaliwa, lilikuwa jina la yule anayetia makaa kwenye tanuru ya mashine ya mvuke, ya treni kwa mfano. Gari zilipokuja, nyingine zikiwa bado za mvuke, jina likahamia kwa mwendeshaji. Hata zile za esansi zilihitaji kupashwa. Motere za kwanza za Gottlieb Daimler kule Ujerumani hazikuwa na bujii ya umeme. Zilikuwa na kitiyo kidogo kilichoingia ndani ya silindri. Upande wa inje uliwasha taa ya moto chini ya kitiyo kile, ukangoja mpaka kiwe chekundu, ndipo ukazungusha motere kwa mkono. Kazi ya kwanza ya shofere asubuhi ilikuwa hiyo: kuleta moto kwenye chuma baridi. Kuendesha kulifuata nyuma.

Kisha ikaja enzi ya manivela, ile chuma iliyopindwa inayoingizwa mbele ya motere. Wazee wetu wa lori bado wanaikumbuka. Manivela ilikuwa kali. Kama moto wa bujii ulikuja mapema mbele ya pistoni kufika juu, motere ilirudi nyuma kwa kishindo na manivela ikapiga mkono wa anayeishika. Mifupa ilivunjika mingi sana, hata leo madaktari wa Kifaransa wanaita aina moja ya mvunjiko, karibu na kiganja, «fracture du chauffeur». Waulizeni wenzetu wa medisini.

Kwenye Ford T, gari iliyotoka mwaka 1908 na kuuzwa kwa mamilioni, ibada ya asubuhi ya baridi ilikuwa hivi. Unarudisha nyuma saa ya moto wa bujii ili manivela isikupige. Unashika kwa mkono wa kushoto waya mdogo unaotokea karibu na radiateri, unauvuta ili hewa ipungue na esansi izidi. Mkono wa kuume unainua manivela. Kama ni baridi kali, mafuta ndani ya giabox yamekuwa mazito, yanashikanisha vyuma, na motere ikiwaka gari inaweza kukutembelea wewe uliyesimama mbele yake! Kwa hiyo watu waliinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, likazunguka hewani. Wengine walimwaga maji moto ndani ya radiateri.

Wakulima wale wa Marekani hawakuwa na diplome ya mekaniki, lakini walikuwa wamekwisha kutenganisha magonjwa matatu. Moja, motere inazunguka kwa uzito. Mbili, esansi haigeuki mvuke, na kinachoshika moto ni mvuke, maji ya esansi yenyewe hayashiki. Tatu, moto wenyewe haufiki au unafika saa mbaya. Kila ugonjwa walikuwa na dawa yake, na hawakutoa dawa ya mmoja kwa mwingine. Sijaona mpaka leo gari inayochelewa kuwaka na baridi ambayo shida yake iko inje ya haya matatu.

Sasa anaingia Charles Kettering. Alifanya kazi Dayton, Ohio, kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia pesa za magazini, na huko alikuwa ametengeneza motere ndogo ya umeme ya kufungua mashine ile bila kuizungusha kwa mkono. Wajuzi wa wakati ule walisema motere ya umeme ya kuzungusha motere ya gari itakuwa kubwa sawa na gari yenyewe. Kettering alijua kitu wasichokijua: motere inayofanya kazi sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa sana, juu itapumzika mbele ya kuungua. Cadillac ikaweka demareri yake kwenye gari za mwaka 1912.

Hapa kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali: eti mkubwa wa Cadillac, Henry Leland, alilia rafiki yake Byron Carter aliyekufa kwa kupigwa na manivela mwaka 1910, akaapa kuondoa manivela. Nzuri sana. Shida ni kwamba Carter alikufa mwezi wa nne wa mwaka 1908. Sisemi manivela haikuua watu. Nasema tu, wenzangu wa historia, tarehe ni rafiki yetu.

Demareri ilibadilisha mengi. Nguvu ya mkono haikuwa tena mlango wa kupitia ili uendeshe gari. Gari za umeme, zilizopendwa kwa sababu hazikuwa na manivela, zikapoteza sifa yao kubwa. Ford T yenyewe ilianza kupata demareri mwaka 1919. Lakini kuna kitu kilichopotea, nacho sikioni kikiandikwa sana. Anayezungusha manivela anasikia motere kwa mkono: leo mafuta ni mazito, leo silindri moja haibani, leo kila kitu kiko sawa lakini hakuna moto. Anayegeuza ufunguo anasikia kelele tu. Tangu siku ile, kazi ya mkono ilipewa batri, na tangu siku ile kila kosa la asubuhi linabandikwa kwa batri. Mimi naona ndipo maneno ya wale mekanisie wetu wawili yalizaliwa, hata kama wao hawajasikia jina la Kettering.

Tusiisingizie batri, lakini pia tusiisafishe bure. Baridi inaipunguza kweli. Kwenye digri −18, batri ya risasi inabaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na ndiyo sababu namba kubwa ya ampere iliyoandikwa juu ya batri inapimwa kwenye baridi hiyo. Lakini kuipima ni kazi ya dakika mbili, kwa kipimo cha umeme ambacho kila duka la telefoni liko nacho. Ikiwa imepumzika usiku kucha na imejaa, isome karibu volti 12.6. Wakati demareri inazunguka, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka, tafuta huko: batri yenyewe, kable ya masi yenye kutu, demareri inayokula umeme mwingi. Isiposhuka, na motere inazunguka haraka, acha batri. Pesa yako ibaki mfukoni.

Ugonjwa wa pili, ule wa esansi, uko na historia yake ya kuchekesha kidogo kwetu. Ule waya wa Ford T uligeuka kifungo cha kuvuta ndani ya gari, na Wafaransa wakakiita starter. Kwa wenzetu wa Kampala na Nairobi, stata ni demareri! Mtu wa Butembo anayeagiza kipande Kampala kwa neno hilo moja anaweza kuletewa chuma ya kilo nyingi badala ya kifungo na waya. Na nimesikia kwa masikio yangu mtu akiambiwa «starter» ya gari yake ya mazutu imekufa. Starter ya Kifaransa, ile ya kuzidisha esansi, motere ya mazutu haina hata moja.

Mwaka 1967 Bosch ilitoa enjeksio ya umeme kwenye Volkswagen 1600, na hapo kazi ya kifungo ikapewa kijipimo kidogo kinachoonja joto la motere na kuambia kompyuta iongeze esansi wakati wa baridi. Ni kidogo kama kidole. Kikidanganya kwamba motere ina joto wakati imelala usiku kucha, esansi inakuwa chache, gari inasumbua asubuhi na mchana haina neno. Wenye gari za esansi, muangalie hicho mbele ya kununua kitu kikubwa. Na jaribuni hii: wekeni kontakti bila kuwasha, zimeni, rudieni mara mbili au tatu, kisha washeni. Ikishika upesi, basi shindikizo la esansi linapotea usiku na pompi inahitaji muda wa kulirudisha.

Ile ya baba mdogo ilikuwa ya mazutu, na mazutu ni ukoo mwingine. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani, na motere yake ilifanya kazi sawasawa Augsburg mwaka 1897. Haina bujii ya moto. Hewa inabanwa, kwenye gari nyingi za zamani mpaka zaidi ya mara 20, inapata joto kali, mazutu inarushwa ndani na kujiwasha yenyewe. Ni akili nyingi, na ni hapo baridi inapata mlango. Chuma ya silindri ikiwa baridi inaiba joto la hewa iliyobanwa. Motere ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kupoa na kuvuja kando ya pistoni. Na sisi wa milimani tuko na shida ya ziada: kwenye metre 1,800 hewa ni kama sehemu nne kwa tano ya ile ya Muanda, kando ya bahari. Mbano unapungua, na chuma inaiba palepale.

Dawa yake ilikuwa kurudi kwa Daimler: kitu chekundu ndani ya silindri. Bujii ya kupasha moto. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, gari ndogo ya kwanza ya mazutu kutengenezwa kwa wingi, ilikuwa nazo. Ulizipasha, ukangoja. Wajerumani, ambao tunasema hawajui kucheka, waliita kungoja huko dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel, sawa vile watu wanasimama kimya kumkumbuka marehemu. Marehemu mwenyewe alipotea usiku ndani ya meli Dresden mwaka 1913, akitoka Antwerpen kwenda Uingereza.

Baridi ya kweli inafanya nini? Someni vita vya Moscow, mwisho wa mwaka 1941. Digri zilishuka chini ya −30. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na gari zisizoandaliwa kwa hali ile, mafuta ya motere yakawa mazito sawa lami, na askari wakawasha moto chini ya gari au wakaacha motere zizunguke usiku mzima, zikila mafuta ambayo tayari yalikuwa haba. Hapo naelewa mtu kusema: ni baridi.

Butembo asubuhi ni digri 12 hivi. Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba inaweza kushuka chini ya 10, na wenzetu wa kule wanavaa makoti. Motere nzima haitishwi na digri 12. Ikichelewa kwenye baridi ya kwetu, ilikuwa mgonjwa toka mbele, na baridi imekuja kuitoa siri.

Aliyejua hivyo alikuwa mzee mmoja, zamani fundi wa lori, jirani wa shangazi. Alipoitwa alisema jambo moja: «Musiiguse mbele nifike.» Alikuja saa kumi kasoro, na koti na lampi ndogo yenye waya mbili. Gari iliyowaka mara moja, alisema, inadanganya siku nzima.

Akaomba baba mdogo ageuze ufunguo. Akasikiliza. Motere ilizunguka haraka. «Batri ni ya muzuri sana, papa. Uliuzishiwa nguvu yenye hukukuwa nayo lazima.» Baba mdogo hakujibu. Mzee akaenda nyuma, akaangalia moshi mweupe, akaunusa. Moshi mweupe ni mazutu iliyofika lakini haikuungua. Kama hakungekuwa na moshi hata kidogo, alitueleza, angetafuta hewa kwenye tiyo: unapampu kwa mkono pompi ndogo iliyo juu ya filtre, na kama mwanzo ni laini kisha inakuwa ngumu, hewa iliingia usiku na mazutu ikarudi tangini. Lakini mazutu ilikuwa inafika. Mzunguko ulikuwa mzuri. Lililobaki ni moto.

Akafungua kipande cha chuma kinachounganisha bujii nne za kupasha. Waya moja ya lampi akaishikisha kwa plus ya batri, nyingine akagusa kichwa cha bujii ya kwanza. Giza. Ya pili, giza. Ya tatu ikawaka. Ya nne, giza. Motere ya silindri nne ilikuwa inaamka kwa silindri moja, ikivuta zingine tatu kama mtu anayebeba ndugu walevi. Kisha akaweka kontakti, akapima kama umeme unafika kwenye kile kipande. Ulifika. Kwa hiyo si rele, ni bujii zenyewe.

Na ile lampi ya rangi ya machungwa kwenye tablo, ambayo mekanisie wote wawili waliiona ikiwaka na kuzima vizuri? Nilimuuliza. Akacheka. Kwenye gari ile inahesabu muda tu, haijui kama kuna kitu kimepata moto. Bujii zote nne zinaweza kufa nayo itaendelea kuwaka na kuzima kila asubuhi.

Bujii nne mpya zilikula chini ya nusu ya bei ya batri moja. Kesho yake, saa kumi, baba mdogo aliweka kontakti, akangoja lampi izime, akahesabu mpaka tano juu yake kwa wasiwasi, akageuza. Ilishika palepale. Jirani mmoja alitoka inje kuuliza kama gari imeibiwa, juu hakusikia kelele ya kila siku.

Wengine mutaniambia gari za sasa ziko na kompyuta, zinasema zenyewe ugonjwa wao. Ni kweli, kwa kiasi. Marekani ililazimisha tundu moja la kusoma makosa kwa gari zote tangu mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa za esansi. Lakini gari nyingi za kwetu zimetoka Japani, zilitengenezwa kwa soko la huko, na zingine hazielewani na kile kisomaji cha sokoni. Hata zikielewana, kompyuta inataja njia ya umeme yenye kosa. Kable ya masi iliyooza na kuzungusha motere kwa uzito inaweza isiache namba yoyote. Kisomaji kizuri mkononi mwa mtu asiyeuliza kinamuuzia baba mdogo batri ya tatu.

Nilimuuliza mzee alisoma wapi. Akaangalia mkono wake wa kuume, kiganja kilikuwa kimepinda kidogo. «Manivela njo ilinifundisha,» akasema. «Ilinifundisha mara moja, sikurudilia.»

Batri ya kwanza baba mdogo aliiuza kwa hasara. Ya pili iko nyumbani mpaka leo. Shangazi anaitumia kwa taa, na jirani wanachaji telefoni hapo kwa pesa kidogo. Amenipa daftari la hesabu: anasema minervali yangu inarudi polepole.